Kaporali, Bibi Arusi na Mlima wa Ngomo

Tangu nirudi Rugenge, hapa Uvira, sijapata kunywa chai yangu ikiwa moto. Kila anayepita mbele ya nyumba anamtazama Kaporali, anaona matope yaliyokauka mpaka juu ya turubai, anavuta kiti. "Papa, ilikuwaje?" Nimeeleza mpaka sauti imekauka, na bado nasikia kwamba huko Kilibula habari imekwisha kupinda: eti tulitumbukia bondeni, eti bibi arusi alitoroka njiani. Hakuna aliyetumbukia wala aliyetoroka. Basi naandika, asome anayetaka, na anayependa kutia chumvi atie ya kwake. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana hata nilipokuwa nazishughulikia zilinichosha.

Kwa asiyemjua Kaporali: ni lori la vita, kamiyo ambayo jeshi lilichoka nayo vita vilipokwisha. Marehemu kaka yangu na mimi tulimkuta Kavimvira, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, tukamfufua. Kwenye boneti, chini ya rangi, bado inaonekana mistari ya cheo, ndiyo sababu watoto wa mtaa walimpa jina hilo. Milango yake ni ya turubai. Juu ya paa la dereva pana tundu la mviringo ambamo askari alikuwa anasimama na bunduki yake. Magurudumu yote yanavuta, ya mbele na ya nyuma. Ndani kuna mikono mitatu: wa kwanza ni wa vitesi, yaani giya, kama magari yote, wa pili unayaamsha magurudumu ya mbele, wa tatu unampunguzia mbio na kumwongezea nguvu. Ukiitumia yote mitatu, Kaporali anatembea polepole kuliko mwanamke mjamzito, lakini hakuna matope yatakayomshika. Nampenda, na sioni haya kulisema.

RUGENGE: SHARTI LA DADA

Safari ilikuwa ya kumpeleka Veronika Bukavu kuolewa. Veronika ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na tangu baba yake afariki ni mtoto wangu. Mchumba wake, Kalisti, ni seremala wa Bukavu, kijana mtulivu asiye na makeke. Arusi yao ilikuwa imeahirishwa kwanza kwa matanga ya kaka yangu, kisha kwa sababu Kalisti mwenyewe aliugua. Watu wa Kilibula, ambao midomo yao haina mlango, wakaanza kumwita mtoto wangu "bibi arusi wa kesho". Alikuwa anapita sokoni akicheka nao, halafu anafika nyumbani na kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Safari hii padri wa kule alikuwa amesema Jumamosi ya juma hilo ndiyo ya mwisho ya kufungisha ndoa kabla ya Kwaresima. Na wajomba wa Kalisti wakatuma neno lao: ikishindikana tena, watamtafutia kijana wao mwanamke wa karibu. Kwa hiyo mnaona tulichokuwa tumebeba.

Aliyemsindikiza ni dada yangu mkubwa, Felisita, shangazi yake bibi arusi. Mnamjua. Asubuhi ya Jumatano tumekwisha kupakia godoro, masufuria, sanduku la nguo na kapu la ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, la kuwapa wakwe, akasimama mbele ya Kaporali mikono kiunoni.

"Weye, unatoka hapa namna gani?"

"Narudi nyuma kidogo, nageuza, twende."

"Unarudi nyuma? Na bibi arusi ndani?" Akapiga makofi. "Minye nilitoka kwa baba sikugeuza hata shingo. Bibi arusi akisha toka, harudi nyuma hata hatua moja mupaka afike kwa bwana yake. Na huyu iko amerudishwa mara mbili! Unataka ya tatu?"

Nilimweleza kwamba gari si mtu, kwamba giya ya nyuma ni chuma tu. Maneno yaligonga ukuta. Ikabidi nimgeuze Kaporali kwanza, Veronika akiwa bado mlangoni, ndipo akapanda. Dada akamkataza pia kushika kitu chochote. Hilo lilitupa shida, maana msaidizi wangu alikuwa amekwenda kulima kwao, na nilikuwa nimemtegemea Veronika. Tangu utoto ndiye anayejua kuweka kigingi chini ya gurudumu na kusikiliza injini ikikohoa. Alikaa kati yetu mikono mapajani kama picha ya ukutani, nikatoka kuzungusha manivela, chuma cha kuwashia injini, mwenyewe mpaka Kaporali akaitika.

KUTOKA ZIWANI HADI SANGE

Ziwa lilikuwa kulia kwetu, limetulia, mitumbwi inarudi na samaki wa mikeke. Kabla ya Kavimvira Veronika aliomba kusimama kwenye tundu la paa alitazame kwa mara ya mwisho. Dada alifikiri, akaona kwamba kutazama pembeni si kurudi nyuma, akaruhusu. Mtoto akasimama na kitambaa chake cheupe kichwani. Nilipunguza mbio bila kuombwa.

Ziwa lilipokwisha alibaki palepale juu, upepo ulikuwa umemwonjesha utamu. Ndivyo tulivyoingia kwenye soko dogo upande wa huku wa Sange. Nilikuwa namwambia dada kwamba tule hapo ndizi na maharagwe, mara naona akina mama wanaruka vikapu. Wanaume wakaingia kwenye mashamba ya pamba. Mzee mmoja alikimbia na kiti chake mkononi. Kufumba na kufumbua soko lilikuwa letu, sisi na mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa.

Walikuwa wameona lori la jeshi na kichwa cha mtu kwenye tundu la bunduki. Wakafikiri ni askari wamekuja kukamata watu wa kazi ya barabara.

Dada akashuka akaita kwa sauti ya kanisani, "Mama zangu, mutoke! Ni bibi arusi!"

Likatoka jicho moja, likatoka la pili. Walipomwona Veronika akishuka na viatu vyake vyeupe mkononi, kicheko kilichopigwa hapo sijakisikia tangu kaka yangu afe. Mzee wa kiti alirudi akamkalisha bibi arusi juu ya kiti kilekile. Tulilishwa ndizi, maharagwe, samaki wa kuchoma, na mimi nikaletewa kibuyu cha kasiksi nikaonja kidogo tu, maana pombe ya ndizi na usukani havielewani. Wanaume walimzunguka Kaporali, wakapapasa waya wa chuma ulioviringwa mbele yake, wakauliza kama kweli anaweza kung'oa mti. Nikasema anaweza. Sikusema kwamba sijawahi kumjaribu.

Tulichelewa hapo, lakini sijuti hata kidogo.

LUBERIZI: "EJO"

Mvua ilitukuta kabla ya mto. Tukaona mti umelazwa katikati ya barabara na kitambaa chekundu juu yake, alama ya watengeneza njia kwamba daraja ni bovu. Mto ulikuwa unanguruma nyuma ya kona. Kando ya barabara mama mmoja, mmoja wa wale Warundi wakulima wa bonde, alikuwa anapalilia mahindi kwenye mvua kama vile haimhusu. Nilitoa kichwa.

"Mama, hii daraja, banatengenezaka siku gani?"

Akanyoosha mgongo. "Ejo," akasema, akainama tena.

Sasa ninyi mnaonisoma mmeanza kucheka, najua. Hakuna mtu wa Uvira asiyejua kwamba Mrundi akisema ejo anaweza kuwa na maana ya kesho na anaweza kuwa na maana ya jana. Tunajua sote. Lakini mti ulikuwa barabarani, mafundi hawapo, mto unapiga kelele, na sikio likasikia lilichotaka. Kesho! Dada akasema heri kungoja, kwa sababu tukivuka mti na kukuta daraja halina mbao, hakuna pa kugeuzia bila kurudi nyuma. Ningeweza kwenda kwa miguu nikaangalie. Sikwenda. Mvua ilikuwa kubwa, na chini ya turubai kulikuwa kukavu.

Tukalala. Alhamisi ikaja, tukangoja mafundi. Tulikula ndagala wa wakwe, kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anaonja tu. Kila baada ya muda Veronika alitoa kichwa kwenye tundu na kutazama barabara. Mchana ukaisha. Ijumaa asubuhi mama yule akapita na jembe begani, akasimama, akatushangaa.

"Mungali hapa? Munangojea nani?"

"Batu ba daraja."

"Ba daraja? Si nilibaambia ejo? Balitengeneza, balimaliza, balienda kwabo! Ule muti balisahau tu."

Nilishuka nikaenda hadi kwenye kona. Daraja lilikuwa pale, mbao mpya zinanukia, jema kuliko lilivyopata kuwa. Tulikuwa tumekaa siku nzima tukingoja jana ifike.

Niliporudi kuwaambia, dada alifunika uso kwa kitenge. Veronika alinitazama. "Bibi arusi wa kesho," akasema, na mara ya kwanza tangu tutoke machozi yakamtoka. Hakulia kwa sauti. Nilijisikia mjinga, na nilikuwa mjinga. Nikafunga waya wa Kaporali kwenye ule mti, nikauzungusha, mti ukatoka barabarani kama unyasi. Yule mama alipiga vigelegele. Siku nyingine ningefurahi mpaka usiku.

KAMANYOLA

Tuliendesha Ijumaa yote bila kupumzika ila kumpa Kaporali maji. Milima ilikuwa inasogea kushoto kwetu, na Luvungi tuliipita watu wakipunga mikono. Tulifika Kamanyola jua linazama.

Mlinzi wa kizuizi, mwanamume mrefu aitwaye Bitangi, alitueleza utaratibu wa Ngomo. Barabara ya mlimani ni nyembamba, haitoshi magari mawili. Asubuhi yanapanda, halafu kizuizi kinafungwa na yale ya juu yanashuka. Ukichelewa katikati, wewe ndiye unayerudi nyuma hadi pale penye nafasi ya kupishana.

Aliposema "unarudi nyuma" dada yangu aliacha kutafuna.

"Na kwenye kona?" nikauliza.

Bitangi akampima Kaporali kwa macho, kutoka pua hadi mkia. "Huyu iko murefu. Kona zingine hatazipata mara moja. Utaenda mbele, utarudi, ndiyo utapita."

Mke wa Bitangi alitupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akatia mawese mengi. Sijala sombe tamu kama ile, na nilimwambia hivyo mbele ya mume wake. Yeye ndiye aliyetutatulia shida, akiwa anachota bugali, bila hata kututazama. "Kwa nini bibi arusi asishuke? Kwenye kona atembee na miguu, kamiyo ifanye mambo yake, kisha apande. Yeye hatakuwa amerudi."

Dada alitafuta kosa katika maneno hayo kwa muda mrefu. Hakulipata.

NGOMO

Alfajiri ya Jumamosi Kaporali alikataa kuamka. Unyevu ulikuwa umemwingia. Nilizungusha manivela mpaka viganja vikachubuka, nikafungua plagi, nikakausha, nikafungua tena. Magari mengine yakaingia mlimani moja moja yakatuacha. Veronika alikuwa kwenye kiti, mikono mapajani, amri ya shangazi yake, lakini masikio yake yalikuwa kwenye injini.

"Papa," akasema mwishowe, "ile waya ya katikati. Inakohoa ile ya katikati."

Ilikuwa hiyo. Nikaifuta, Kaporali akanguruma, tukaingia wa mwisho.

Nawaambieni wazi, sijapata kuona kitu kama Kaporali akipanda Ngomo. Matope yalikuwa yanafika ekseli. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu na Ruzizi chini kabisa, nyembamba kama kamba ya viatu. Nilivuta mikono yote mitatu, na yeye akapanda bila haraka wala hasira, kila gurudumu likitafuta pa kushika na likipata. Mahali ambapo maji yalikuwa yamekata njia alishuka pua, akainua mgongo, akaendelea. Jeshi lilimtupa huyu! Nilikuwa namsifu kwa sauti.

Lakini kila kona kali tulisimama. Veronika anashuka, shangazi anashuka na kapu lake, wanazunguka kona kwa miguu. Mimi naenda mbele, narudi, naenda mbele. Kaporali hana kioo cha nyuma. Nyumbani Veronika ndiye husimama nyuma ananiita, na nikifika mahali anapotaka anapiga bodi kwa kiganja nisimame. Hapo mlimani nilirudi kwa kukisia na kwa Salamu Maria. Kisha wanapanda, tunakwenda hadi kona nyingine. Kila kona ilikula muda wetu.

Tulikuwa tumekaribia juu niliposikia honi mbele. Lori lililojaa mapipa ya mafuta likatokea, likasimama pua kwa pua na Kaporali. Nyuma yake palikuwa na lingine.

Nilishuka. Dereva wake naye akashuka, kijana wa Bukavu mwenye koti la ngozi, wala hakuwa na ubaya. "Mukubwa, saa ya kupanda iliisha. Minye niko na mapipa, siwezi kurudi juu kwa hii matope. Rudi weye, mupaka pale chini penye nafasi."

Alisema kweli. Mimi ningesema vilevile.

Dada yangu akatoa kichwa. "Hapa hakuna wa kurudi! Huyu mutoto anaolewa leo!"

"Mama, arusi iko nzuri, lakini njia ni njia."

"Basi tutakaa hapa mupaka Pasaka!"

Na angekaa. Yule kijana alivua kofia akajikuna kichwa. Huku chini, kutoka hapo hadi penye nafasi, ni kona mbili tulizokwisha kuzipita, na kuzipanda tena ni asubuhi kwisha. Niliona Jumamosi ikinitoka mikononi. Nikageuka kumwambia Veronika neno la kumtuliza.

Hakuwepo kitini. Alikuwa amekwisha kushuka. Alikunja kitenge juu ya magoti, akavuta sanduku la nguo kutoka nyuma kwa mikono yake mwenyewe, akajitwika kichwani. Viatu vyeupe alivitia mfukoni kwangu.

"Papa, weye rudi na kamiyo. Kamiyo haiolewe. Minye ninaenda."

"Kwenda wapi, mwanangu?"

"Mbele," akasema.

Akapita ubavuni mwa lori la mapipa, miguu mitupu kwenye matope, shingo imenyooka. Hakugeuka. Dereva wa koti la ngozi alimpisha, na wasaidizi wake wakashuka wakasimama kando kama msafara wa padri unapopita. Dada akavua viatu, akamfuata na kapu la ndagala. Nilimwona mtoto wangu akipotea kwenye kona ya juu, na kifua kilinijaa fahari na uchungu kwa pamoja, sikujua kipi nikishike.

Nilirudi nyuma. Kijana wa mapipa mwenyewe ndiye aliyeniita kutoka nyuma, kona mbili, kwa uangalifu mkubwa. Tukapishana tukapeana mikono. Kisha mikono mitatu, na Kaporali akazipanda upya kona zilezile mbili.

BUKAVU

Niliwapata mbali sana kupita kizuizi cha juu. Dada alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu imevimba, anawagawia watoto wa njiani ndagala wa wakwe. Veronika alikuwa bado anakwenda, mbele yake, sanduku kichwani. Nilipomfikia alinyoosha mkono tu, nikampa viatu.

Alivalia nguo ya arusi chini ya turubai Kaporali akiwa anakimbia. Kanisani watu walikuwa wameanza kutoka. Wajomba wa Kalisti walikuwa mlangoni na nyuso za mazishi. Kalisti alikuwa bado ndani, kwenye benchi la mbele, peke yake. Walisema aliambiwa mara kadhaa ainuke, akasema atainuka padri akifunga mlango. Padri aliona upindo wa nguo nyeupe umejaa matope ya Ngomo, akavaa tena stola yake shingoni.

Karamuni dada yangu alimweleza kila aliyetaka na asiyetaka kwamba bibi arusi wao alipanda Ngomo kwa miguu yake, hakurudi nyuma hata hatua. Kaporali hakumtaja. Nilimsamehe.

Tuliondoka Jumatatu. Kaporali alikuwa ameingizwa kwenye ua wa Kalisti, pua ukutani, mbao za seremala huku na huku. Dada alikaa kitini anatazama mbele, ameshika kapu tupu. Nilikuwa nimekwisha kuwasha injini Veronika alipotoka nyumbani, amefunga kitenge kama wanawake wenye waume zao, akaenda kusimama nyuma.

"Rudi, Papa," akaita. "Rudi. Rudi tena."

Shangazi yake aliendelea kutazama mbele. Nikarudi polepole.

"Rudi. Kidogo tena. Rudi."

Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, mikono ilikuwa kwenye usukani. Nilirudi mpaka akapiga bodi kwa kiganja. Nikasimama, nikatoa kichwa nje kutazama. Kaporali alikuwa nusura aguse ukuta wa nyuma. Nafasi ya kugeuza ilikuwa imetosha kitambo, na sote wawili tulijua.